Samaki wa maji baridi hutaga lini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu misimu ya kuzaliana mitoni, ziwani na madimbwini

Ukurasa huu ni wa wavuvi, viongozi wa BMU (vikundi vya kusimamia uvuvi ufukweni), maofisa uvuvi, wanafunzi na yeyote anayeishi karibu na maji. Unahusu samaki wanaoishi wenyewe katika mito, maziwa, mbuga (tambarare zinazofunikwa na maji ya mafuriko) na madimbwi ya Afrika Mashariki. Samaki wa kufugwa wameguswa mara moja tu, kwa sababu tatizo lao linafafanua vizuri kinachotokea kwa ndugu zao wa mtoni.

Samaki wetu huzaliana mwezi gani?

Hakuna mwezi mmoja. Mto huu na mto ule havilingani, na samaki huyu na yule hawalingani. Kwenye mito ya upande wa Kenya inayomwaga Ziwa Victoria, kambale huanza kutaga mwezi Machi masika yanapofungua na huendelea hadi Julai hivi. Kambale huyohuyo akiwa bonde la Kilombero au Rukwa hana masika na vuli za kuchagua. Huko mvua ni moja ndefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, naye anaifuata hiyo.

Ukitaka swali lenye jibu, uliza hivi: maji ya hapa kwetu hupanda lini, na samaki ninayemzungumzia anategemea maji hayo kwa kiasi gani? Wapo wasiotaga kabisa bila mto kufurika, kama kambale na ningu. Wapo wanaotaga kidogo kidogo mwaka mzima na kuongeza kasi wakati wa mvua, kama sato na dagaa. Na wapo ambao maisha yao yote, tangu kuanguliwa hadi kufa, yanaishia ndani ya mvua moja. Ukiwachanganya hao wote katika kalenda moja utapata kalenda isiyomsaidia hata mmoja wao.

Kwa nini wafuate mvua, si urefu wa mchana kama samaki wa Ulaya?

Kwa sababu hapa mchana haubadiliki kiasi cha kumwambia samaki kitu kikubwa. Mwanza, tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa wa mwaka ni kama dakika 17. Dar es Salaam ni kama dakika 47. London ni zaidi ya saa 8. Trauti wa nchi za baridi anaweza kusoma mwanga na kujua kuwa miezi fulani mbele kutakuwa na joto na chakula cha kuwatosha watoto wake. Samaki wa karibu na ikweta akitegemea mwanga peke yake atapotea.

Kinachobadilika kwetu ni maji yenyewe. Mvua ikinyesha kina hupanda, mkondo huongezeka, joto la maji hushuka kidogo kisha maji yaliyotandaa mbugani hupashwa na jua, matope huingia, harufu ya udongo na majani yaliyolowa hufika mtoni, na chumvichumvi zilizoyeyuka hupungua kwa kuwa maji ya mvua ni mepesi. Samaki huzipokea dalili hizi kwa pamoja. Kwa jamii ya domodomo na samaki wengine wenye umeme hafifu, majaribio ya kwenye matangi yameonyesha kwamba ukipunguza chumvichumvi za maji, ukapandisha kina taratibu na kuiga mvua juu ya tangi, viungo vyao vya uzazi hukomaa bila mto wowote kuwepo. Ukirudisha maji kama ya kiangazi, vinasinyaa tena.

Kadiri unavyosogea mbali na ikweta, joto linapata sauti zaidi. Kusini mwa Tanzania na zaidi Zambia na Zimbabwe, maji ya Juni na Julai hupoa kiasi cha kuwasimamisha sato na kambale hata kama kina kinatosha.

Ndani ya samaki kunatokea nini hasa?

Kuna kazi mbili, na watu wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni kujaza mayai. Ubongo huiamuru tezi ya pituitari iliyo chini yake itoe homoni, homoni hiyo huiamsha ovari, ovari hutoa estrojeni, estrojeni huenda kwenye ini, na ini hutengeneza protini ya kiini cha yai ambayo damu huisafirisha hadi kwenye mayai. Ndiyo maana jike anayejiandaa huhitaji kula vizuri, na mafuta aliyojiwekea tumboni huanza kupungua tumbo likijaa mayai. Kazi hii huchukua wiki nyingi, hata miezi.

Ya pili ni kuyaachilia. Yai lililojaa bado haliwezi kurutubishwa. Linahitaji mmiminiko wa homoni nyingine kutoka pituitari, inayoitwa LH, ambao husukuma nukliasi ya yai, yaani sehemu inayobeba urithi, kutoka katikati hadi pembeni, kisha yai huchomoka kwenye ukuta wa ovari. Kazi hii huisha ndani ya saa chache. Kwa kambale, ubongo huuzuia mmiminiko huo kwa kemikali iitwayo dopamini mpaka dalili za mafuriko zifike.

Kwa hiyo kambale mwenye tumbo lililojaa mayai mwezi Februari hayuko karibu kutaga kwa sababu tu amejaa. Anaweza kukaa hivyo majuma mengi akingojea maji.

Kambale hutaga vipi, hatua kwa hatua?

Maji yakianza kupanda, kambale huacha mto au ziwa na kupanda kwenye majani yaliyofunikwa na maji mapya, mara nyingi mahali ambapo maji hayafiki hata magoti ya mtu mzima. Hufanya hivyo usiku, na usiku unaofuata mvua kubwa ndio wenye shughuli nyingi.

Madume hupigana kwanza. Kisha dume na jike hujitenga, dume hujikunja kama herufi U kukizunguka kichwa cha jike na kukaa hivyo sekunde kadhaa. Mayai na manii hutoka kwa pamoja, na jike hupiga mkia kwa nguvu kuyatawanya mayai eneo kubwa. Hupumzika kidogo, kisha hurudia mara nyingi mpaka jike aishiwe. Mayai ni mazito na yana gundi, hivyo hunata kwenye majani. Baada ya hapo wazazi huondoka. Hakuna ulinzi wowote.

Muda wa kuangua hutegemea joto: karibu saa 57 maji yakiwa nyuzijoto 20, kati ya saa 25 na 30 yakiwa 25, na kama saa 20 yakiwa 30. Kifaranga huishi kwa akiba ya kiini cha yai siku 3 hadi 4, kisha huanza kuwinda vijidudu vilivyojaa kwenye maji ya mbugani, ambako majani yaliyozama yanaoza na kulisha kila kitu. Chakula kikiwa kingi, ndani ya siku 30 hivi hufikia gramu 3 hadi 7. Mbuga ikianza kukauka, wao na wazazi waliobaki hurudi kwenye maji ya kina.

Ukizihesabu siku hizo utaona mbuga inatakiwa ikae na maji kwa mwezi mzima au zaidi. Mafuriko ya siku tatu yanatosha kumfanya jike atage, lakini hayatoshi kumkuza kifaranga hata mmoja.

Mvua ilianza vizuri na kambale walipanda, lakini mwaka ule hatukuona watoto. Kwa nini?

Sababu inayoongoza ni mvua iliyoanza ikakatika. Maji yakishuka sentimita 20 tu kwenye mbuga tambarare, kingo zinarudi nyuma mita nyingi na mayai yaliyonata kwenye majani yanabaki hewani. Jua la asubuhi moja linayamaliza.

Ya pili ni hewa. Majani mengi yakioza kwa mkupuo, oksijeni ya maji hushuka sana kabla ya mapambazuko. Kambale mkubwa hupanda juu akavuta hewa. Kifaranga hana kiungo cha kufanyia hivyo katika siku zake za kwanza, kwa hiyo hufa mahali ambapo mama yake anaishi bila shida. Madimbwi yenye upepo kidogo unaochezesha maji hunusurika.

Ya tatu ni watu. Kambale anayepanda kwenye maji ya kifundo cha mguu anakamatika kwa panga, kwa mshale, kwa mgono uliowekwa kwenye mfereji. Ukiziba mfereji mmoja unaoingiza samaki mbugani kwa uzio wa matete usiku wa kwanza wa mafuriko, umekamata wazazi wa bonde zima kabla hawajataga.

Pale ambapo hakuna mafuriko kabisa, jike hubaki na mayai yake mpaka mwili uanze kuyanyonya tena. Ukimpasua utaona ovari imelegea, mayai mengine ya kawaida na mengine meupe au ya njano isiyong'aa, yamepoteza umbo. Hayo hayatatagwa.

Ningu amepotelea wapi, na msimu wake unahusikaje?

Ningu, Labeo victorianus, hukua ziwani na kwenye mito ya bonde la Ziwa Victoria, lakini kutaga hupanda mto: Kagera, Mara, Kuja, Sondu-Miriu, Nzoia, Yala. Hupanda na mvua zote mbili, kwa makundi, na hutaga kwenye majani yaliyofurika pembeni mwa mto. Mayai huangua upesi na wadogo hushuka na maji baadaye.

Tabia hiyo ndiyo iliyomponza. Nyavu za makila, zinazotegwa na kunasa samaki kwenye matundu yake, ziliingia ziwani mwaka 1905. Baadaye ziligundua midomo ya mito. Ukitandaza nyavu mdomoni mwa mto wakati kundi linasubiri maji yapande, unakamata majike yaliyojaa mayai ambayo hayajataga hata moja, mwaka baada ya mwaka. Katikati ya karne ya 20 uvuvi wa ningu, uliokuwa mkubwa sana mitoni, ulikuwa umeporomoka. Sangara alipofika katika miaka ya 1950 na 1960 ningu alikuwa tayari taabani. Leo ameorodheshwa kimataifa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Inafaa kusemwa wazi: udhibiti wa macho ya nyavu peke yake haungemwokoa. Uchunguzi wa ziwa wa 1927 na 1928 ulipendekeza macho yasiyopungua inchi 5, na lengo lilikuwa kumlinda ngege, ndugu wa sato. Ningu ni mwembamba, hivyo wavuvi wake walitumia macho madogo, na kilichohitajika kwake kilikuwa kuacha mdomo wa mto wazi kwa wiki chache za maji kupanda.

Sato ninayenunua sokoni ana mayai kila mwezi. Je, ana msimu kweli?

Anao, lakini umefichika. Jike la sato halijazi mayai yote kwa mkupuo. Ndani ya ovari yake kuna makundi ya umri tofauti, kundi moja likitoka lingine linafuata. Maji yakiwa na joto la nyuzi 24 au zaidi na chakula kipo, anaweza kutaga kila baada ya wiki 4 hadi 6. Joto likishuka kuelekea 20 anasimama. Ziwa Victoria halipoi kiasi hicho, kwa hiyo kila mwezi utamkuta mwenye mayai, ila wengi wao huonekana wakati wa mvua.

Dume husafisha kiota cha duara kwenye mchanga au tope gumu, maji ya kina kifupi. Jike hutaga mayai mamia kadhaa, wakubwa hufika elfu moja na zaidi, huyachukua mdomoni na kuondoka nayo. Huangua humohumo baada ya siku 4 au 5, na watoto hubaki mdomoni hadi siku ya 10 au 12. Baada ya hapo huwaachia, lakini kwa siku kadhaa wakiona hatari hurudi mdomoni. Muda wote huo jike hali, au anakula kwa shida sana. Ndiyo maana jike anayelea huonekana amekonda, kichwa kikubwa, koo limetuna, naye haumi ndoano.

Kokoro linapoburuzwa ufukweni hufanya uharibifu mara tatu: linasawazisha viota, linamfanya jike ateme watoto kwa hofu, na linabeba wadogo waliojificha kwenye majani. Nyavu ya makila iliyotegwa maji ya kina haifanyi hivyo.

Dimbwi lilikauka hadi tope likapasuka. Mvua ya wiki mbili tu, na sasa lina samaki. Wametoka mbinguni?

Hapana, ingawa ukiangalia jambo lenyewe huwezi kumlaumu aliyedhani hivyo. Walikuwa ardhini.

Hawa ni visamaki vya jamii ya Nothobranchius, urefu wa vidole viwili, madume yenye rangi nyekundu, bluu na njano za kuvutia. Ukanda wa pwani ya Tanzania una Nothobranchius melanospilus, na Unguja ina wake isiyopatikana kwingine duniani, Nothobranchius guentheri. Huishi kwenye madimbwi yenye udongo mzito wa mfinyanzi ambayo hukauka kila mwaka. Wote hufa dimbwi linapokauka. Mayai ndiyo yanayobaki.

Jike hutaga mayai machache machache kila siku, yakizikwa kwenye tope. Yai linaweza kusimamisha ukuaji wake katika vituo vitatu: mapema kabisa kabla mwili haujaanza kuumbika, katikati moyo ukiwa umeshatokea, na mwishoni kifaranga kikiwa kamili na tayari kutoka. Tope likikauka, yai husubiri. Maji yakirudi, yaliyofika kituo cha mwisho huangua ndani ya saa chache. Yaliyobaki nyuma hayaangui, na hiyo ndiyo akiba: mvua ya kwanza ikiwadanganya wenzao, kizazi hakijaisha.

Kisha ni mbio. Jamaa yao wa Msumbiji na Zimbabwe, Nothobranchius furzeri, ameonekana porini akiwa mzima wa kuzaa siku 14 baada ya kuanguliwa. Hakuna mnyama mwenye uti wa mgongo anayejulikana kukomaa upesi kuliko huyo.

Dimbwi la namna hii huharibiwa na mambo ambayo watu huyaona ni maendeleo. Kuchimba tope kwa ajili ya matofali ni kubeba mayai yote. Kulichimba zaidi ili lisikauke huruhusu kambale na sato kuingia na kuwamaliza, na mayai yanayohitaji kukauka hayapati nafasi hiyo. Kumwaga kifusi cha barabara juu yake ni mwisho wa hadithi.

Lakini usidhani kila samaki wa dimbwini ni huyu. Kambale hutembea kwenye majani mabichi usiku wa mvua kwa kujisukuma na miiba ya mapezi yake, na mafuriko huunganisha madimbwi na mto. Ukiona wadogo wenye sharubu, hao walikuja kwa miguu yao, kwa namna ya kusema.

Na kamongo?

Kamongo huzaa mvua zinapoanza. Dume huchimba kiota kwenye mizizi ya mafunjo au majani ya kinamasi, majike huja kutaga, kisha dume hubaki kulinda. Watoto wana mashavu ya nje ya kupumulia, kama vinyoya, pembeni mwa kichwa, na dume huwalinda majuma kadhaa. Ukimvua dume aliye kiotoni, watoto wote wanaliwa. Ukikausha kinamasi ili kulima mboga, kiota chenyewe hakipo. Kupungua kwa kamongo katika Ziwa Victoria kunahusiana kwa sehemu na vinamasi vilivyogeuzwa mashamba.

Dagaa wa katikati ya ziwa hawaoni mbuga wala mto. Wanafuata nini?

Wanafuata chakula, na chakula kinafuata upepo. Ziwa Tanganyika ni mfano mzuri. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini mashariki husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini. Upande wa kusini maji ya chini, yenye baridi na virutubisho, hupanda kujaza nafasi. Mwani hustawi, wadudu wadogo wa majini hustawi baada yake, kisha dagaa. Wanaotaga wakati ambao watoto wao watakuta chakula hicho ndio wanaoacha kizazi. Dagaa hawa huishi mwaka mmoja na zaidi kidogo, kwa hiyo mwaka mmoja wa upepo dhaifu huonekana haraka kwenye nyavu za watu wa Kigoma, Bujumbura na Kalemie.

Dagaa wa Ziwa Victoria, Rastrineobola argentea, wanaoitwa omena Kenya na mukene Uganda, hutaga mwaka mzima. Vilele viwili ndivyo vinavyojulikana zaidi: mmoja karibu na Agosti, mwingine Desemba na Januari. Wadogo hukulia karibu na ufukwe.

Mwezi unahusika?

Kwa uvuvi, sana. Dagaa huvutwa na taa usiku wa giza, na mbalamwezi huvunja kazi hiyo. Hilo ni suala la kukamatika, halina uhusiano na kuzaa. Kuna samaki wadogo wa miamba ya Ziwa Tanganyika ambao kutaga kwao kumeonekana kulingana na mwezi. Kwa kambale na ningu, mvua ndiyo yenye neno.

Nitajuaje kwa uhakika kwamba samaki wa eneo letu wako kwenye msimu?

Kipimo rahisi kinachotumika ni uwiano wa uzito wa ovari na uzito wa samaki. Pima jike zima kwa gramu. Mpasue, toa ovari zote mbili bila kuzikata, zifute maji kwa karatasi, zipime. Gawanya uzito wa ovari kwa uzito wa samaki, zidisha kwa 100. Jike la gramu 850 lenye ovari za gramu 102 lina asilimia 12, na huyo kambale amejaa. Fanya hivyo kila mwezi, siku zilezile za mwezi, majike yasiyopungua 30 ya saizi ya utu uzima, kwa miezi 12 mfululizo. Miezi 24 ni bora zaidi kwa sababu mvua hazifanani mwaka hadi mwaka. Chora wastani wa kila mwezi pembeni ya kina cha mto. Mahali ambapo mstari unaporomoka ghafla ndipo walipotaga.

Idadi ya mayai huhesabiwa kwa sampuli: kata gramu 1 mbele, gramu 1 katikati na gramu 1 nyuma ya ovari, hesabu kila moja, tafuta wastani, zidisha kwa uzito wote wa ovari. Gramu moja ikiwa na mayai 650, huyo wa gramu 102 ana mayai 66,300.

Kama unataka kujua yai liko tayari kiasi gani, tumia maji ya kung'arisha: sehemu 6 za etanoli, 3 za formalini, 1 ya asidi ya asetiki. Weka mayai machache kwa dakika 5 hivi na uyatazame kwa kikuza. Nukliasi ikiwa katikati bado. Ikiwa imesogea pembeni, yuko karibu. Formalini ni sumu: vaa glavu, fanyia kazi nje penye upepo, usiimwage mtoni.

Makosa gani huharibu vipimo hivi?

Kubwa kuliko yote ni kununua samaki kutoka kwa mvuvi mmoja mwenye nyavu ya jicho moja. Atakuletea saizi moja tu, na huenda wote hawajafikia kuzaa. Hapo utatangaza kwamba hakuna msimu.

La pili ni kutumia uwiano huo kwa sato bila kutazama mdomoni. Jike anayelea ana ovari ndogo kabisa ingawa yuko katikati ya kuzaa, na mara nyingi hutema watoto nyavuni, hivyo hata mdomo mtupu si ushahidi. Kwa sato hesabu pia viota ufukweni na wadogo kwenye majani.

Usichanganye aliyemaliza kutaga na ambaye bado. Aliyemaliza ana ovari iliyolegea kama mfuko mtupu, nyekundu kwa damu, na mayai machache yaliyosahaulika. Ambaye bado ana ovari nyembamba, ngumu na safi. Wala usipime samaki waliogandishwa pamoja na wabichi katika jedwali moja. Barafu hubadilisha uzito wa ovari.

Kambale wangu wa bwawani amejaa mayai mwaka mzima na hatagi. Ni mgonjwa?

Mzima kabisa. Bwawa limempa chakula na joto, kwa hiyo kazi ya kwanza imekamilika. Mafuriko hayaji, kwa hiyo kazi ya pili haianzi. Ndiyo sababu wazalishaji wa vifaranga humchoma homoni, au tezi ya pituitari iliyotolewa kwa kambale mwingine wa uzito kama wake, kisha humkamua mayai baada ya saa 10 hadi 12 hivi maji yakiwa nyuzijoto 25 au 26. Dume hakamuliki, huchinjwa ili kutoa korodani. Sindano hiyo inafanya kazi ambayo mtoni hufanywa na usiku mmoja wa mvua.

Mabwawa ya umeme yana madhara gani kwa kuzaliana?

Bwawa huupunguza mto uliokuwa unapanda na kushuka hadi ukawa karibu sawa mwaka mzima. Kwa mwenye mtambo hilo ni zuri. Kwa mbuga zilizo chini yake, ni kiangazi kisichoisha. Ziwa Turkana hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka mto Omo wa Ethiopia, na samaki wake kadhaa hupanda mto huo kutaga na mafuriko. Tangu bwawa la umeme la Gibe III lianze kazi kwenye mto huo mafuriko hayo yamebadilika. Kwenye Rufiji, Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 lilianza kujazwa Desemba 2022, na maziwa madogo ya chini yake yamekuwa yakilishwa na mafuriko ya mto huo miaka yote.

Kinachoweza kufanyika kinajulikana: kufungulia maji mengi kwa makusudi mwanzoni mwa mvua, kuyaacha yakae mbugani wiki 4 hadi 6, kisha kuyapunguza taratibu. Kufungulia na kufunga ndani ya siku mbili ni kibaya kuliko kutofungulia, kwa sababu samaki wanaitwa kutaga kisha mayai yanaachwa juani. Ndani ya bwawa lenyewe kushuka kwa ghafla huviacha viota vya sato nchi kavu.

Kufunga uvuvi kunasaidia?

Kukilingana na samaki anayelindwa. Kenya hufunga uvuvi wa omena Ziwa Victoria kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31. Tanzania ilifunga Ziwa Tanganyika Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024. Kufunga ziwa kwa miezi kadhaa huwapa nafasi samaki wa maji ya kina, wanaozaa kidogo kidogo na kukua haraka. Kwa samaki wa mafuriko, tarehe maalumu ni kipimo kibovu: masika yakichelewa wiki tatu, uvuvi unafunguliwa siku ambayo kambale wanapanda. Kwao ni bora kulinda mahali, yaani midomo ya mito, mifereji na mbuga zilizotambuliwa kuwa mazalia, na kuanza kuhesabu siku tangu maji yapande.

Kijiji chetu hakina maabara. Tuanze na nini?

Simikeni nguzo iliyopakwa rangi kila sentimita 5 mahali ambapo mto hauwezi kuing'oa, na msomaji mmoja wa kudumu aisome saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Wekeni chombo cha kupimia mvua mita kadhaa mbali na miti. Kwenye daftari hilohilo aandike kambale wa kwanza kuonekana mbugani, jike la kwanza sokoni lenye ovari iliyolegea, kundi la kwanza la wadogo kwenye majani, na siku mbuga ilipoachana na mto. Aandike pia siku ambazo hakuna kilichotokea, maana nafasi tupu kwenye daftari haisemi kama hapakuwa na samaki au hapakuwa na msomaji.

Baada ya misimu mitatu mtaweza kusema jambo kama hili: nguzo ikivuka sentimita 140 na kukaa hapo usiku mbili, kambale wanapanda. Namba hiyo itakuwa ya mto wenu peke yake, na ndiyo ya kuipeleka kwa ofisa uvuvi mnapoomba uvuvi kwenye mfereji fulani ufungwe kwa siku 40 kuanzia usiku ule.